Jumanne za Mwalimu wa Kwaya

Mwezi uliopita, katika kanisa ninakosali siku hizi, waliwasha ile skrini kubwa ya mbele kabla ya mahubiri na kuanza kuonyesha majina ya wagonjwa wa kuombewa. Jina, picha, hospitali, na chini yake, kwa herufi nyeupe, anachougua. Watu zaidi ya mia mbili tukasoma kwamba mzee fulani ana matatizo ya kibofu. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa safu ya tatu, shingo imekakamaa, akijifanya anatafuta kitu kwenye Biblia.  Nikachukua mkoba wangu, nikatoka, nikawasha gari, na badala ya kwenda nyumbani nikajikuta nimeshika barabara ya Lanham, hapa hapa Amerika nilikokulia.

Nilikuwa naitafuta kliniki ya mama yangu. Naiita ya mama, lakini ilikuwa ya daktari. Mama alikaa tu pale mapokezi. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali mekundu, na siku hizi mahali pale wanauza matairi. Kijana mmoja aliniuliza nataka saizi gani, nikarudi garini.

Ukweli, rafiki yangu, ni kwamba nilipokuwa na miaka tisa niliharibu jambo katika nyumba ile, na sijawahi kulisimulia lote. Kaa nikueleze.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kila siku basi la shule lilinishusha pale kona, nami nikakaa kwenye kiti cha mwisho, kando ya ua la plastiki, mpaka mama amalize kazi. Palinukia spiriti na chai ya maziwa, maana mama hakuweza kufanya kazi bila thamosi yake chini ya meza. Mabomba ya joto yaligongagonga ukutani. Kazi yangu ilikuwa kupanga magazeti na kurudisha wanasesere sandukuni watoto wa watu wakishaondoka.

Daktari wetu alikuwa Mmarekani mweusi, mama mrefu mwenye mvi, aliyejifunza Kiswahili chuoni enzi za ujana wake. Alisema "habari za asubuhi" hata saa kumi jioni, na wagonjwa wakamjibu "njema, daktari" bila kumsahihisha, kwa sababu walimpenda. Watu wetu, wahamiaji wenye Kiswahili, walitoka hata Annandale, ng'ambo ya mto, kumfuata yeye. Walikuja pia kwa sababu ya mama, kwamba pale mapokezi kuna mtu wao.

Na huyo mtu wao alijua kufunga mdomo. Mama hakuita jina la mgonjwa kwa sauti. Alitoka nyuma ya meza, akamwendea, akamgusa bega. Faili alizilaza kifudifudi. Kanisani hakumsalimia mgonjwa yeyote mpaka mwenyewe amsalimie kwanza, na hata hapo hakuulizia afya. Kwa watu wetu, ambao tunaweza kusalimiana mpaka chai ipoe, hilo lilikuwa kosa kubwa. Walisema ana maringo. Walisema Amerika imempanda kichwani. Mama alisikia yote akanyamaza. Mimi aliniambia mara moja tu, siku ya kwanza: "Wewe hapa ni kiti. Kiti hakioni, kiti hakisikii."

Mwalimu wa kwaya alianza kuja majani yalipoanza kupukutika, kila Jumanne. Alikuwa Mtanzania wa Mbeya, mwenye Kiswahili kilichotufanya sisi wa Nakuru tujione tunaburura mawe. Ndiye aliyeongoza kwaya katika kanisa letu, lililoazima ukumbi wa Wamarekani kule Bladensburg Jumapili alasiri, na ndiye aliyenifundisha kupiga makofi bila kumkimbia mwimbaji. Pale kliniki hakunitazama. Alikaa ndani karibu saa nzima, akatoka amekunja mkono wa blauzi, pamba imebandikwa kwenye kiwiko. Jumanne moja alitoka akilia bila sauti, uso ameuelekeza ukutani. Mama alimsindikiza mpaka mlangoni, nikamsikia akimnong'oneza, "Dada, tafadhali, usikose hata Jumanne moja. Hii dawa haitaki ku-skip."

Nilimpenda sana mwalimu wa kwaya. Ndiyo maana nikaharibu.

Jumapili iliyofuata, kule chini ya ukumbi tulikosomea watoto, mwalimu wetu, msichana wa chuo, aliuliza nani ana mtu wa kuombewa. Mmoja akataja bibi yake, mwingine paka wake. Mimi nikainua mkono. Kwa Kiingereza chetu cha utotoni nikasema tumwombee mwalimu wa kwaya, kwa sababu anakuja kwa daktari wetu kila Jumanne na ametoka akilia. Mwalimu akaandika kwenye daftari. Nikafumba macho nikaomba kwa nguvu zangu zote, nikiona ninafanya jambo jema kabisa.

Daftari lile likafika kwa katibu wa kina mama, na kina mama wetu hawakuwa watu wa kuishia kwenye maombi. Mgonjwa alitembelewa. Jumamosi asubuhi mama alipigiwa simu aje na lile gari letu kubwa, kuna mgonjwa wa kuonwa, wala hakuuliza ni nani, kwa kuwa Jumamosi nyingi zilikwenda hivyo. Wakajipakia watano, na thamosi za chai, na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, iliyofungwa kwa taulo. Mama mmoja Mkongo alipakata bakuli la pondu, yale majani ya muhogo ambayo wao hawaendi popote bila hayo. Tulikuwa tumeshaondoka mama alipouliza anaelekea wapi.

"Kwa mwalimu wa kwaya," katibu akajibu. "Kwani hukuwa unajua? Ni huyu mtoto wako ali-request prayer. Anamuonanga akija huko kwenu kila Tuesday."

 Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma yake. Niliona mikono yake ikiukaza usukani mpaka mishipa ikatokeza. Akapunguza mwendo. Nilidhani atasimama. Sasa najua alikuwa anapima nini. Akisema tusiende, amekiri kwamba ni kweli. Akisema mtoto amekosea, amedanganya, na bado wangemuuliza amejuaje. Neno lolote kutoka kwake yeye, mtu wa mapokezi, lilikuwa ushahidi.

"Labda tumpigie simu kwanza," akasema mwishowe.

"Si ata-say tu yuko sawa," katibu akacheka. "Twende, mama."

Basi akaendesha.

Mwalimu wa kwaya alifungua mlango akiwa na kanga na sweta, na kina mama wakaingia wakiimba. Aliwatazama mmoja mmoja kwa mshangao, karibu atabasamu, mpaka akamfikia mama yangu, aliyekuwa wa mwisho, amebeba sufuria ya watu. Uso wake ukajifunga pale pale. Kisha akanitazama mimi.

Walimwekea mikono kichwani. Wakakemea magonjwa moja baada ya jingine, kisukari, presha, kifua, uvimbe, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na mimi niliyefumbua macho niliwaona wengine nao wamefumbua, wanachungulia atashtuka kwa lipi. Mwisho katibu akashusha sauti: "Na hata huu ugonjwa wa siku hizi, Bwana." Kila mtu alijua anasema upi. Hakuna aliyeitikia amina haraka. Mama Mkongo peke yake, Mungu ambariki, alisogeza bakuli lake la pondu. "Bon, ma soeur, dada yangu, kula kidogo, itakupatia nguvu."

Mwalimu akala. "Ahsanteni sana kwa kunikumbuka," akasema. "Mimi sijambo, ni uchovu tu." Mama alikuwa ameinamia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani.

Tulipobaki wawili garini nilingoja kupigwa. Ningependelea kupigwa. Mama aliniuliza tu, "Ulimwombea?" Nikasema ndiyo. "Uliomba vizuri?" Ndiyo. Taa nyekundu ikatusimamisha, akalaza paji la uso kwenye usukani akalia, na taa ilipogeuka kijani magari ya nyuma yakatupigia honi.

Jumatatu alinisubiri nitoke shule, akanishika mkono, tukaingia ofisini kwa daktari akaungama yeye mwenyewe, kabla hajashtakiwa na mtu. Siku hiyo daktari hakusema neno hata moja la Kiswahili. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mambo ya kazi ya mama yatangoja; kuna mtu anayepaswa kupata dawa kesho. Akachukua simu akampigia mwalimu wa kwaya papo hapo. Iliita mpaka ikakatika.

Jumanne hakuja. Mama aliinua kichwa kila mlango ulipofunguka. Jumanne ya pili hakuja. Kanisani, kina mama walewale waliompelekea githeri wakaanza kuleta vikombe vya karatasi badala ya vile vya udongo tulivyochangia sote. Kwaya ikaongozwa na mtu mwingine. Yeye alikaa benchi la karibu na mlango, mashavu yamebonyea, akaondoka kabla ya chai. Niliamini atakufa, na kwamba nitakuwa nimemuua mimi kwa maombi.

Baada ya Jumanne ile ya pili mama alinipeleka kwake. Hakutukaribisha kuketi. Mama alisema kosa ni lake, kwamba ndiye aliyemkalisha mtoto pale, na kwamba daktari yuko tayari kupeleka faili kwa daktari mwingine yeyote atakayemchagua.

"Sitaki daktari mwingine, dada," mwalimu akasema. "Yule ananifahamu. Ila nikishika tu kitasa cha mlango ule nakuona wewe umekaa, na nyuma yako nawaona wote."

"Basi hutanikuta," mama akasema.

Aliacha kazi wiki ile ile. Alipata nyingine Annandale, kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha na kuwageuza vitandani. Akirudi miguu imevimba hadi viatu vinagoma kuvulika. Lakini hilo silo lililomtesa. Nilimuuliza kama mwalimu wa kwaya amerudi kliniki, akasema hajui. Nikamwambia ampigie daktari amuulize.

"Hapana," akasema. "Mimi si mtu wa pale tena."

Basi akabaki hivyo, anakula nusu sahani, anautazama uso wa mwalimu wa kwaya kila Jumapili akitafuta dalili ya chochote. Maringo yale yote waliyomsema hayakuwapo tena. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua nani amemfikisha hapo.

Jumanne moja ya baridi basi la shule, ambalo sasa lilinishusha kituo cha karibu na kwa jirani, lilisimama kwenye taa mbele ya kliniki. Mlango ukafunguka, akatoka mwalimu wa kwaya. Mkono wa blauzi umekunjwa, pamba kwenye kiwiko. Daktari alikuwa nyuma yake ameshikilia mlango, akasema jambo, naye akacheka, tena sana. Basi likaondoka.

Nilikimbia njia yote kutoka kituoni. Mama aliporudi alitia miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, akaniuliza shule ilikuwaje. Sentensi moja tu, na mama yangu angelala usingizi. Ilikuwa kwenye ulimi, lakini kiti hakioni. Nikamwambia tulicheza mpira nikafunga bao. Akasema vizuri.

Nilikaa na neno lile majira yote ya baridi, na liliniuma kila siku. Nyasi zilipoanza kuota mashavu ya mwalimu wa kwaya yalijaa, akarudi kusimama mbele ya kwaya, na mama akaanza kumaliza chakula chake. Yule mwalimu alikuwa anaumwa nini? Sijui mpaka leo.

Vyote vimekwisha. Daktari alistaafu akahamia kwa watoto wake, mwalimu wa kwaya alirudi Mbeya na nguvu zake zote, na kina mama wametawanyika. Hakuna tena mtu anayebisha mlango wako na sufuria bila kupiga simu. Ndicho kilichotuumiza, nami bado nakitamani.

Mama alipougua yeye mwenyewe, nilimuuguza mimi. Siku moja, nikimlisha uji, likanitoka. Nilimwambia nilimwona mwalimu wa kwaya, Jumanne ile, anatoka kliniki anacheka. Nilimwambia nilijua, nikanyamaza, nikamwacha ateseke miezi mizima, na kwamba naomba anisamehe. Nilikuwa nalia. Mama alinitazama kwa macho yale yale ya mapokezi.

"Ulikuwa umefanya vizuri miaka hii yote," akasema. "Sasa mbona unaharibu?"

Kisha akafungua mdomo nimpe uji.