Dolfo na Upanga wa Kupasulia Vichwa

Shemeji yangu Teodulfo Abrenica, ambaye mji wetu wa Kandabong unamwita Mwalimu Dolfo kwa sababu yeye mwenyewe aliuomba umwite hivyo, alipewa na Mungu mikono miwili mizuri ajabu na kichwa cha kubebea kofia. Sisemi kwa chuki. Amemwoa dada yangu Perlita, amekula mezani kwangu miaka nenda miaka rudi, na nguruwe ninaowachoma mimi ndio waliomsomesha binti yake. Kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Alizaliwa huku huku kusini mwa kisiwa chetu cha Cebu, Ufilipino, mtoto wa mgema tembo. Hilo halitaji. Anachokitaja ni babu yake, ambaye eti aliwafyeka askari wa Kijapani msituni wakati wa vita kwa upanga ule ule anaoutembeza yeye kiunoni. Marehemu mama yangu alikuwa jirani wa huyo babu, na kila aliposikia hadithi hiyo alishika mbavu. Babu mwenyewe vita vyote alijificha pangoni pamoja na kuku wake, akatoka mambo yalipotulia, akafa kwa kuharisha. Na upanga Dolfo aliununua kwa mhunzi wa Kandabong baada ya kuoa. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyeuchagua.

Lakini nisimwonee. Ujanani alikwenda mjini akabeba magunia bandarini, na huko akajifunza eskrima, huu mchezo wetu wa kupigana kwa fimbo na visu, kwa mzee mmoja mkali aliyekuwa akiwachapa wanafunzi vifundo vya vidole mpaka wanalia. Dolfo alijifunza kweli. Akishika fimbo mbili za henzirani huoni fimbo, unasikia upepo tu. Nimewahi kumwona sokoni akimnyang'anya mlevi kisu, na mlevi akaendelea kutukana na kupunga mkono mtupu, hajui kwamba hana kitu. Angeishia hapo ningemvulia kofia. Mdomo ndio ulioniudhi.

Alirudi, akaoa, akafungua darasa uwanjani nyuma ya soko. Wanafunzi wake walikuwa wanne: mlinzi wa benki, fundi wa majokofu, mwalimu wa hesabu, na Junrey dereva wa bajaji. Watu wazima na ndevu zao, wamevaa fulana zenye sura ya Dolfo kifuani. Walichomlipa kilitosha sigara. Nyumba iliendeshwa na kibanda cha Perlita cha nyama ya nguruwe, na nguruwe hao nawachoma mimi, wazima wazima juu ya makaa, tumbo limejazwa ndimu na mchaichai.

Nguruwe wa kuchoma hata aive vipi, akikatwa vibaya amekwisha. Ngozi inapondeka, mafuta yanamwagika, wateja wananuna. Anayemkata lazima awe na mkono unaojua mfupa uko wapi kabla haujafika. Na aliyekuwa akikata kwenye kibanda cha dada yangu kila asubuhi, nyuma ya pazia la maua, alikuwa Mwalimu Dolfo, amevaa aproni ya mkewe, kwa upanga ule ule. Vipande vilitoka sawa sawa, ngozi yote imekaa juu ya nyama yake. Wateja walidhani ni Perlita anayekata. Pazia lilitundikwa kwa amri ya bwana mkubwa.

"Wanafunzi wangu wakiniona na aproni," alikuwa akisema, "nitawaambia nini?"

"Waambie unafanya kazi," Perlita alimjibu. "Hawatakufa."

Akimaliza aliufuta upanga, akautia kwenye ala, akatokea mlango wa nyuma na kwenda uwanjani. Huko alijitanua kifua na kuwaambia wale wanne kwamba upanga huo haujawahi kugusa mboga wala nyama ya jikoni, kwamba kazi yake ni moja tu. Nao waliitikia kwa vichwa. Nilikuwa nikipita na toroli langu la makaa, natema mate naendelea.

Sasa, sheria ya visu kwetu kila mtu anaijua, hata asiyejua kusoma. Panga la kazi pita nalo popote. Mgema anapita na mundu wake, muuza samaki na kisu chake, na polisi hata shingo hageuzi. Lakini ukibeba chuma kwa ajili ya uanaume wako, utalala ndani. Wakati wa uchaguzi ndiyo balaa zaidi, vizuizi kila njia panda. Wacheza eskrima wenye akili hubeba fimbo tu, na wakiwa na onyesho huomba kibali kwanza. Mwaka huo uchaguzi uliangukia pamoja na harusi ya Marichu, binti pekee wa Dolfo. Nilimwonya.

"Shemeji, huo upanga uache nyumbani mpaka kura zihesabiwe. Au omba kibali, watu wanaomba."

"Chifu Lapulapu alipowafyeka wavamizi zamani, aliomba kibali kwa nani?"

"Lapulapu hakuwa na binti wa kupeleka kanisani Jumamosi."

"Wewe choma nguruwe, Epi. Mambo ya wanaume niachie."

Basi Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, tukapanda bajaji ya Junrey, mimi na Dolfo na magunia ya makaa ya nguruwe wa harusi. Panga langu la kuni, refu kuliko upanga wake, nimelilaza juu ya magunia, halina hata gazeti la kulifunika. Upanga wake uko kiunoni, umening'inia nje ya shati watu wauone. Tulipofika njia panda tukakuta kizuizi, na aliyesimama pale ni Sajini Bontuyan, kijana mwenye adabu, aliyewahi kujifunza kwa Dolfo kabla ya kuingia polisi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana. Umenenepa."

Sajini akacheka. Akatazama panga langu. "Na hili, mzee?"

"La kuni."

"Haya." Halafu akauona upanga, na uso ukambadilika. Kulikuwa na askari wengine wawili nyuma yake wanaangalia. Akainama karibu na Dolfo, akasema polepole kama mtu anayemlisha mtoto uji: "Mwalimu, huu ni wa kupasulia nazi, siyo? Nazi za harusi."

Ungefikiri hata mbuzi angeelewa. Dolfo akamtazama Junrey, ambaye alikuwa amegeuka kwenye kiti chake kusikiliza, fulana yake ya Mwalimu imemkaa vizuri kifuani.

"Nazi?" Dolfo akasema kwa sauti ya uwanjani. "Huu ni wa kupasulia vichwa."

Nilitaka kuruka nimzibe mdomo na gunia. Wale askari wawili wakasogea. Sajini Bontuyan akafumba macho kidogo, akayafumbua, akamwomba ashuke.

Kituoni tulimkuta mkuu, Kapteni Suico, mwanamke mfupi mwenye miwani, asiyependa kelele. Alisikiliza yote kisha akaweka upanga mezani.

"Mzee Abrenica, nisikilize vizuri. Leo ni Ijumaa. Mwendesha mashtaka ameshaondoka, harudi mpaka Jumatatu. Nikiandika kwamba umekamatwa na silaha, utalala mahabusu mpaka Jumatatu. Nasikia kesho una harusi ya binti. Sasa nakuuliza mimi: kazi yako nini, na huu upanga unaufanyia nini? Ulichosema barabarani tutasema ulikuwa unatania."

Wakati huo Junrey alikuwa ameshawapigia simu wenzake, na wanafunzi wote wanne walikuwa wamejipanga ukutani, mikono nyuma, kama walinzi wa mfalme. Nikamnong'oneza Dolfo: "Ingia ofisini, ongea na Kapteni faragha, mlango umefungwa. Neno moja tu."

"Nitakalosema nitalisema mbele ya wanafunzi wangu," akajibu, na wapumbavu wale wanne wakavimba kwa fahari.

Perlita akaja anahema, mikono ina unga wa keki. Hakusalimia mtu. "Afande, huyu ni mkataji wangu wa nyama. Huo ndio upanga wa kibanda. Anakata nguruwe kila siku asubuhi, muulize kaka yangu."

"Kweli tupu," nikasema.

Kapteni akauchomoa upanga, akaunusa. Akaupitisha mbele ya pua mara ya pili. "Unanukia vizuri," akasema. "Unanukia ndimu na mchaichai."

Hata Sajini Bontuyan alitabasamu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, alichotakiwa ni kuinua mguu tu. Dolfo akakohoa.

"Mke wangu anasema hivyo kwa uchungu, Afande. Mimi sijawahi kukata nyama maishani mwangu."

Nilimwona dada yangu akishusha macho. Miaka yote ile ya kumfulia aproni kwa siri, ya kusifiwa na wateja kwa kazi ya mkono wa mumewe huku anajua sifa si zake, na leo anaitwa mwongo mbele ya polisi. Nilimchukia Dolfo dakika ile, na sioni haya kusema hivyo. Kapteni akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Na harufu hii?"

"Ni mafuta ya kutunzia chuma," Dolfo akasema. "Ya kienyeji."

Ndipo Marichu akaingia. Alikuwa na vibanio vya kusokotea nywele kichwa kizima na kanga begani, ametoka saluni mbio. Msichana yule ana moyo kuliko ukoo mzima wa Abrenica, na wa pangoni nikimhesabu. Hakupiga kelele. Alikwenda akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, sema ni kisu cha nguruwe twende nyumbani."

Dolfo akamtazama. Sitasema hakumpenda mwanawe. Alifungua mdomo, nikadhani sasa atasema. Halafu macho yakamponyoka, yakaenda ukutani, kwa zile fulana nne.

"Mwanangu," akasema, "siku moja utanielewa."

"Nimekuelewa leo," Marichu akasema. Akageuka. "Mjomba, una viatu vyeusi?"

Nikasema ninavyo. Kapteni akachukua kalamu.

Kesho yake nilimsindikiza Marichu kanisani, mama yake kushoto, mimi kulia, viatu vikinibana. Padri alimaliza, watu wakaja kula, na nguruwe walikuwa mezani wamekaa kama wafalme, wekundu, ngozi inang'aa. Nikawakata mwenyewe. Mimi najua moto, kukata sijui. Nilipondaponda kama mtu anayeua nyoka, mafuta yakamrukia mama wa bwana harusi, wageni wakaanza kuchokonoa vipande kwa huruma.

Wale wanafunzi wanne nao walikuja, maana kwenye chakula hawakosi. Junrey akageuzageuza mfupa kwenye sahani yake.

"Mama Perlita, ya kibandani mbona siku zote inakatwa vizuri? Ngozi haivunjiki hata kidogo. Nani hukata?"

"Mwalimu wenu," Perlita akasema, na hakushusha sauti.

Mlinzi wa benki akauliza: "Kwa hiyo jana ulisema kweli?"

"Nilisema kweli."

"Sasa alikataa kwa nini?"

"Alikuwa anawaogopa ninyi."

Wakatazamana. Nilidhani watacheka, na nilikuwa tayari kucheka nao. Lakini Junrey akaweka mfupa chini taratibu, akasema: "Kukata vile kwa upanga mrefu namna ile? Kila siku? Jamani, na sisi tunapigapiga hewa uwanjani! Si angetufundisha hapo hapo kibandani?" Fundi wa majokofu akasema angekuja alfajiri, hata aproni angevaa. Wakabishana mpaka wakasahau kula, wakitafuta mkono ule unaujuaje mfupa. Sikuwahi kuwaona wakimsifu kwa moyo namna hiyo.

Jumatatu dhamana ilipokubaliwa nilikwenda kumchukua. Alitoka ndevu zimeota, shati linanuka, kidevu juu. Upanga ulibaki kwa polisi. Hatukuwa hata tumefika barabarani.

"Vijana wangu walikuja harusini?"

"Walikuja."

"Walisema nini juu yangu?"

Nikamwambia, neno kwa neno, sikumwonea hata herufi moja. Pazia limejulikana, aproni imejulikana, na wanataka kuja kibandani kujifunza kukata. Nilimwambia pia kwamba wangetaka hivyo hivyo hata Ijumaa, kama angefungua mdomo. Alisimama katikati ya njia, pikipiki zinampigia honi. Kidevu kilishuka. Kisha akaanza kutembea haraka kuelekea nyumbani, ananipita.

"Twende upesi basi," akasema. "Nataka kumwona Marichu. Nitamwambia mwenyewe, mimi nitamwambia."

"Dolfo," nikamwita. "Mumewe amempeleka kwao, kisiwani Mindanao. Meli imeondoka asubuhi."