Mpiga pasi wa Ng'ambo anayemjibu Sista Nuala

Mkaa umekolea. Recheli Zablon anafunga mfuniko wa pasi, anarashia maji shati la mteja na kuanza na kola. Jua la asubuhi limeshaingia kibarazani kwake Ng'ambo, mjini Tabora, simu inapoita.

"Mzungu wako huyo!" anamtania jirani yake Yustina, muuza vitumbua. "Leo kakuota mapema."

Recheli hacheki. Anaweka pasi kando, anajifuta jasho na kumwita mwanawe Gerson.

Kwenye kioo cha simu anaonekana kikongwe kitandani. Ni Sista Nuala, mkunga aliyezalisha wanawake wa kijiji cha Goweko tangu ujana wake mpaka miguu ilipokataa. Shirika lake likamrudisha Ireland, kwenye kitongoji cha Dublin alikozaliwa. Huko akili ikaanza kumtoka, na Kiingereza kikaondoka nayo. Kimebaki Kinyamwezi.

Wauguzi walidhani anaweweseka, mpaka mpwa wake alipompata Recheli kupitia parokia. Recheli ndiye aliyekuwa akimpikia na kumfulia Sista huko Goweko.

"Mwangaluka, mayu," Recheli anamwamkia kwa Kinyamwezi, akimwita mama.

Uso wa kikongwe unachangamka. Anauliza kama mvua imenyesha, na nani atamfuata amrudishe nyumbani.

"Nakuja, mayu. Namalizia nguo tu."

Hilo ndilo jibu la kila siku. "Nimwambie nini?" anasema simu ikishakatika. "Shati moja nanyoosha kwa shilingi mia tano. Hata Dodoma siwezi kufika."

Mwezi uliopita Sista alitamka jambo jingine. Nyuma ya zahanati ya Goweko alikuwa akizika, kwa mikono yake, vichanga waliozaliwa wamekufa. "Mkanilaze na wanangu," alimwambia Recheli.

Mpwa akauliza shangazi yake anasema nini. Gerson, dereva wa bodaboda ambaye ndiye mkalimani wao, alisita. "Mama, tuwatwishe na hili?"

"Mwambie vilevile lilivyotoka."

Gerson akatafsiri. Mpwa akaeleza, kwa upole, kwamba kusafirisha maiti hawataweza. Ila Recheli asihuzunike: pale kitongojini kuna ukuta wenye majina ya watu mashuhuri waliowahi kuishi hapo, mcheza raga, jaji, mwimbaji. La Sista litaongezwa.

Recheli alisonya. "Waliowahi kuishi! Kule alizaliwa tu. Kuishi aliishi huku."

Amesikia kuwa zahanati ile ilishafungwa, na matuta ya tumbaku yanazidi kusogelea vile vikaburi visivyo hata na msalaba.

Kiangazi hiki atakwenda Goweko na jembe. Atapalilia pale, atapanda minyaa kuzunguka iwe uzio, na katikati ya watoto ataacha nafasi ya mtu mzima.

"Najua hawatamleta," anasema, na machozi anayaacha yashuke. "Lakini akiniuliza, nitamwambia kwake pameandaliwa. Angalau hilo halitakuwa uongo."