Ufunguo wa Chumba cha Watoto

Mjukuu wangu amepata kazi ya kulea watoto wa watu huko Ulaya. Alipokuja kuniaga hapa mtaani kwetu Free Area alinisomea maneno kwenye simu yake: atapewa chumba, atakula mezani na wenye nyumba, atakuwa kama mtu wa familia. Nikamuuliza, "Na ufunguo wa hicho chumba utakaa upande gani?" Akacheka mpaka chai ikammwagikia. Basi naandika. Mimi shule niliachia darasa la pili, mtanivumilia.

Nilikuwa yaya kwa mzungu mmoja upande wa Keringet, miaka ile ya Emajensi, wapiganaji wa uhuru walipokuwa msituni. Shamba lilikuwa la pareto na ng'ombe wa maziwa. Baridi ya kule ilikuwa ya kuuma. Ukianika shuka asubuhi, jioni bado inatoa maji, na memsahib, mke wa yule mzungu, anakuuliza kwa nini, kama vile wewe ndiye uliyeleta mawingu.

Watoto walikuwa wawili. Mvulana wa miaka minne, na msichana aliyekuwa bado ananyonya chupa. Yule mvulana Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baba yake, lakini hilo si ajabu, baba alitumia Kiswahili cha kutuma tu: lete, peleka, toka.

Wakati ule wazungu walikuwa wameambiwa wasimlaze mtu mweusi ndani ya nyumba. Ikifika saa kumi na mbili jioni, mpishi na watumishi wengine walitolewa nje, milango ikafungwa, bwana akaketi kula na bastola kando ya sahani. Mimi peke yangu nilibaki. Memsahib hakutaka kuamshwa usiku na watoto. Kwa hivyo nililala nao chumbani kwao, chini, karibu na mlango, na bwana alifunga kwa nje akatia ufunguo mfukoni mpaka asubuhi. Dirishani kulikuwa na vyuma. Kwa haja nilipewa ndoo. Nilikuwa mwanamke mzima, nina mtoto wangu aliyelala kwa dada yangu kule laini, kwenye vibanda vya wafanyakazi, na nilikuwa najisaidia kwa ndoo mbele ya watoto wa watu. Hiyo nilivumilia. Sitadanganya, ningevumilia hata leo kama ingekuwa hiyo tu.

Siku moja, bwana ametoka tu kufunga, mvulana akarusha blanketi lake likaangukia stovu ya mafuta ya taa. Blanketi la sufu haliwaki haraka, linatoa moshi. Nikalikanyaga. Nikagonga mlango, nikaita. Redio ilikuwa inaongea kwa sauti kubwa kule walikokula. Nikampandisha mvulana dirishani avute hewa kati ya vyuma, mdogo nikamfunika na kanga yangu niliyoilowesha kwa maji ya kunawa, huku nagonga kwa kisigino. Bwana alipokuja, moto ulikuwa umezimika zamani. Akanigombeza kwa sababu ya blanketi.

Kesho yake nilimwambia mpishi, "Leo siingii mpaka ufunguo uwe ndani."

Mpishi alikuwa mtu wa mdomo. "Wewe mama, umekula nini? Utamwomba na bastola pia?"

"Bastola akae nayo."

"Atasema umetumwa na watu wa msituni. Utapandishwa lori upelekwe kizuizini, na sisi nyuma yako. Mimi nina mkate jikoni, usiniharibie."

Alikuwa anasema kweli. Watu walikuwa wanachukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Jioni ikafika. Watoto wako kitandani. Bwana amesimama kwenye kile kijia cha ndani, ufunguo mkononi. Mimi nikasimama nje ya kizingiti.

"Yaya, ingia."

"Bwana, naomba ufunguo ukae ndani."

Alidhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni. "Kwa nini taka ufunguo? Nani sema wewe?"

"Moto, bwana. Jana."

"Hapana moto! Watu ya msitu kuja, ita wewe, wewe fungua mlango. Mimi jua."

Nilisikia mpishi huko jikoni akiangusha kifuniko. Alikuwa hajatolewa nje bado, na hakutaka kupitwa. Memsahib akatokea mlango wa pili, kitambaa cha meza aliyokuwa akiandaa kiko mkononi.

Sikupanga maneno yaliyonitoka. Nilisema, "Bwana, wakija, mimi nalala hapa mlangoni, mimi ndiye wa kwanza kukatwa. Lakini ufunguo ukiwa mfukoni mwako, wakikuweza wewe, wametuweza na sisi. Watafungua tu. Ukiwa ndani, watavunja mlango kwanza."

Bwana akaweka mkono kwenye mkanda, penye bastola. Nikaangalia ule mkono. Mvulana akaita kitandani, "Yaya, njoo," nami sikuenda. Hilo lilikuwa gumu kuliko mkono wa bwana, kwa sababu alianza kulia, na mdogo akaamka akalia naye.

Memsahib akasema jambo kwa Kiingereza, polepole. Bwana akajibu kwa ukali. Memsahib akarudia lile lile, hakuongeza sauti. Kisha akanyoosha mkono, akachukua ufunguo kutoka vidoleni mwa mumewe, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa bado na joto la mkono wa bwana.

"Kitu kipotea, mimi ita polisi," bwana akasema.

"Ndiyo, bwana."

Nikaingia. Nikafunga kwa ndani, nikawanyamazisha watoto wote wawili kwa zamu. Hawajalala bado, nikaona kitasa kinashuka. Kikapanda. Kikashuka tena. Bwana alikuwa na desturi ya kuja kuwabusu watoto baada ya kula, alikuwa anafungua tu na kuingia, anikute nimevaa au sijavaa.

Halafu akagonga, mara mbili, taratibu.

Nilijifunga kanga vizuri kwanza.