Duara Lisilotakiwa Kulala Tupu

Taa za barabarani bado zinawaka mtaani Ziwani, na Matheka Nzuki anakuja upesi akiwa na kitambaa kibichi mkononi. Hasalimii mtu. Akifika kwenye kibanda chake cha kinyozi hagusi kufuli. Anazunguka hadi ubavuni, anainama, anasoma.

"Ni watoto tu," anasema, na mabega yanashuka.

Mvua ya usiku ilikuwa imeosha maneno yake, na mtoto fulani amechora mpira mahali pake. Matheka anaufuta.

Kwenye ubavu huo wa mabati kuna katuni aliyoichora mwenyewe mwaka wa 1979. Kinyozi mwembamba ameshika mashine ya mkono, na mteja mnene amefumba macho chini ya shuka. Mdomoni mwa kinyozi linatoka duara la maneno, kama zile katuni za magazetini. Duara hilo amelipaka rangi nyeusi ya ubao wa shule ili aandike kwa chaki. Picha ni ileile miaka yote. Maneno ndiyo hubadilika.

Leo anaandika: MZEE, CHAWA WANAOMBA NOTISI YA MWEZI MMOJA.

Dereva anayekwenda kazini anasimama, anasoma, anacheka mpaka anashika ukuta. "Fundi, wewe utatuua. Na wakikataa kuhama?"

"Tutawatolea vyombo nje," Matheka anamjibu. Yeye hacheki.

Alikuja Nairobi kutoka Kangundo akiwa kijana, na kazi hii ndiyo imemlishia watoto. Mtu mzima hulipa shilingi tano, mtoto tatu. "Bila maneno ukutani napata watu wanne kwa siku," anasema. "Nikiandika, wanafika hata kumi. Mtu akicheka anakumbuka kwamba ana nywele."

Mtaani wanamwita mcheshi. Hawajui kwamba siku hizi anaandika kwa hofu.

Ilianza mwaka juzi, 1986. Jirani yake Nahashon, karani mpole aliyekuja kila Jumamosi kusoma katuni hata kama hanyolewi, alichukuliwa na makachero nyumbani kwake kwa sababu ya karatasi ya kuipinga serikali iliyopatikana kwenye mfuko wa koti lake. Alirudi baada ya miezi mingi.

"Mimi ndiye nilimnyoa aliporudi," Matheka anasimulia. "Nikamtolea kichekesho. Akaniangalia kama mtu anayesikiliza mlango."

Basi Matheka akaacha kuandika. Akafuta duara, akaliacha tupu, akidhani asiyesema kitu hana kosa. Hapo ndipo alipokosea, na mzazi yeyote anayesoma haya atege sikio.

Siku chache baadaye alikuta watu wamesimama mbele ya kibanda asubuhi. Hakuna aliyekuwa akicheka. Mtu anasoma, anainamisha kichwa, anakwenda zake. Mkono usiojulikana ulikuwa umelijaza lile duara usiku. Maneno yenyewe hayaandikwi hapa. Matheka hakuyatamka, na hakuulizwa mara ya pili.

"Niliyafuta kwa shati nililovaa," anasema. "Lakini macho yalikuwa yameshasoma. Macho nitayafuta na nini?"

Mchana wake wakaja wanaume wawili, eti kunyolewa. Nywele zao zilikuwa fupi tayari. Mmoja akakaa kitini, mwenzake akasimama mlangoni.

"Wewe ndiye mwandishi wa hapa?"

"Mimi ni kinyozi, afande."

"Nani amekuambia mimi ni afande?"

Wakampa chaki yake mwenyewe, wakamtoa nje aandike jina lake ndani ya duara. Kwa hofu, anasema, herufi zake zikatoka kama za mtoto wa shule ya nasari. Wakatazama, wakaangaliana. Wakamwambia watarudi nywele zikiota.

Anawangoja tangu siku hiyo.

Tangu siku hiyo pia hafungi kibanda kabla hajalijaza duara, kwa herufi zake kubwa zilezile, ili asikute tena maneno ya mgeni. Kuifuta katuni yote anaogopa. "Nikiipaka rangi juu wataniuliza nilikuwa nikificha nini." Kinachomkosesha usingizi ni mvua, kwa maana mvua huosha chaki, na duara likilala tupu linakuwa la kila mtu.

Nyumbani, mkewe Syombua hukagua mifuko ya watoto kila jioni.

"Wengine wanatafuta sigara. Mimi natafuta chaki," anasema. "Mama mwenzangu akinicheka namuuliza, wako ameshajua kuandika? Kama anajua, kagua. Tuliwapeleka shule tukishangilia wakiandika majina yao. Sasa tunalala tukijiuliza wameandika nini, na wapi."

Chini ya kiti cha wateja kuna kopo la rangi nyeupe ya mafuta, lililonunuliwa tangu Krismasi na halijafunguliwa. Mpango wa Matheka ni kuandika mara moja maneno ambayo mvua haiwezi kuyaosha, yakae hapo mpaka watoto wake wamalize masomo. Anatumaini kuyapata mwaka huu. Yawe ya kuchekesha, maana lazima wateja waje, na yasimguse mtu.

"Hayo ndiyo hayapatikani," anasema. "Nikiandika juu ya tumbo, kuna mwenye tumbo. Nikiandika juu ya kiti, kuna aliyekikalia. Hata upara una mwenyewe."

Syombua, aliyemletea chai, anamimina kikombe cha pili. "Baba Mutisya, si uandike bei tu? Mtu mzima tano, mtoto tatu. Nani atakuuliza?"

Matheka anatazama mawingu yanayojikusanya tena juu ya mapaa, kisha anatia kipande cha chaki mfukoni.

"Bei?" anasema kwa sauti ya chini. "Mama Mutisya, bei ndiyo mbaya zaidi. Siku ikipanda, wataniuliza namlaumu nani."