Nilikwangua uta wa baba ukanyookea vidole vyangu, yeye ukamkataa

Wakuu, salamu popote mlipo. Hili ni langu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Kusema kweli, lingekuwa la uongo ningelala vizuri zaidi.

Niko Kayole. Baba yangu ni Mkamba wa Kitui, amefanya kazi viwandani Industrial Area mpaka mgongo ukagoma. Sasa anaishi kwangu mimi binti yake.

Kitu alichobaki nacho cha kujivunia ni uta wake, aliouchonga mwenyewe kabla mikono haijaanza kutetemeka. Jumapili baada ya ibada tunatundika gunia la vitambaa vya fundi cherehani kwenye uwanja wa nyuma ya kanisa, tunalenga. Na kabla mtu hajauliza, pastor anajua.

Mwaka huu presha ilimlaza baba. Alipoinuka, mishale yake ikaanza kutawanyika. Si sana, lakini alikuwa anaiokota mmoja mmoja, na mimi roho inaniuma.

Nikaamua tatizo ni uta. Kwa nini? Kwa sababu hata mimi nikiuvuta, mshale ulikuwa unatoka ukirusha mkia juu chini kama mjusi.

Nikaingia mtandaoni, nikasoma mambo ya tiller, yaani jinsi nusu ya juu na nusu ya chini ya uta zinavyogawana kupinda. Nikapima. Ya juu ilikuwa inapinda zaidi kidogo. Nikasema haya, ugonjwa nimeupata. Daktari mzima!

Baba akanipa uta bila maswali. "Fanya tu. Macho yako bado ni mazuri."

Nikaikwangua nusu ya chini kwa kipande cha kioo, ipinde sawa na ya juu. Nakwangua, navuta, najaribu, nakwangua tena, mpaka mshale ukatoka umenyooka ukazama katikati ya gunia. Nilipiga kelele za furaha pale uwanjani, mtu mzima mimi.

Nikampa baba.

Mshale wake wa kwanza ukapita kando kabisa. Wa pili ukagonga uta ukaanguka karibu na miguu yake.

"Hebu piga wewe," akaniambia.

Nikapiga. Ukaingia. Akachukua tena, ukapotelea kwenye nyasi.

Akausimamisha uta chini, akautazama. "Kumbe si uta. Ni mimi."

Wakuu, siku hizo sikujua. Mimi nilijifunza kwa video, naweka vidole vyote vitatu chini ya mshale. Baba anaweka kimoja juu, viwili chini, tangu akichunga mbuzi. Ukibadilisha vidole, mvuto unahamia mahali pengine kwenye kamba, na zile nusu mbili hazibebi mzigo vilevile.

Ule upindo wa juu haukuwa ugonjwa. Aliuacha makusudi, kwa ajili ya vidole vyake. Uta ulinikataa mimi tu, tena ningeweza kusogeza ule uzi wa alama kwenye kamba, pale mshale unapokaa, bila kugusa mbao. Na yeye pengine alihitaji miezi michache tu apate nguvu.

Nilipokuja kuelewa nikamweleza yote. Akacheka, akanishika bega. "Asante kwa kunituliza, mama."

Haamini. Amejionea mwenyewe: uta ule ule, mimi napata, yeye anakosa.

Nikamwomba ajaribu vidole vyangu. Akajaribu, lakini kile cha juu kinarudi juu chenyewe. Nikasema basi nikwangue na nusu ya juu, ingawa uta utalegea. Akakataa kabisa. "Usiguse. Umekaa vizuri. Huo ni wako sasa."

Najichukia. Sijui niseme vipi tena.

Funzo: kabla hujatoa mbao, uliza uta ulichongwa kwa vidole vya nani, na ujaribu kwa vidole hivyo hivyo. Anza na uzi. Mbao ikishatoka haina njia ya kurudi.

Bado tunaenda kila Jumapili, kwa sababu nikikataa anahuzunika. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, anawaambia waumini, "Huyu msichana amenishinda, mnaona?" Na kila mshale wangu ukinyooka, anapiga makofi.

Mwenye la kusema aseme, hata matusi nitasoma. Ila nawaomba mnijibu moja: mzee kama huyu unamwambia nini akuamini?