Malkia wa Mito Tisa

Mtaa mzima ulimwita Malkia, na nyumbani kwake hakukuwa na hata kiti kimoja chenye miguu minne mizima. Jina lilimjia kwa kazi. Kwa miaka minne ndiye aliyemtilia sauti ya Kiswahili malkia wa Ufalme wa Mito Tisa, ile tamthilia ya majoka yenye mabawa na panga zinazong'ata, iliyokuwa ikifunga maduka kila Jumapili saa tisa alasiri. Kwenye runinga alionekana mama wa kigeni, mwembamba, shingo ndefu, asiyejua kabisa kwamba kuna mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye miguu inayovimba, anayemchekea, anayemlilia na kumtukania maadui zake. Malkia akienda dukani, muuza duka huinama. "Mtukufu, leo sabuni ya unga au ya kipande?" Naye humjibu kwa sauti ileile ya kiti cha enzi, akatoa amri ya sabuni ya kipande, na wateja wakavunjika mbavu.

Sasa msimu wa tano ulikuwa unaanza Jumapili hiyo, na Malkia hakuwemo. Mtaa haukujua. Mama yake, aliyeishi naye, hakujua. Hilo la mtaa angelimeza. Hilo la mama ndilo lililomfanya wiki nzima achome chakula na kusahau maji bombani.

Mama yake si mtu wa kudanganywa kwa sauti. Alifanya kazi miaka ishirini na tisa katika chumba cha simu cha kampuni moja kubwa, enzi zile simu zote zilipopitia kwa mtu mmoja aliyevaa visikizio, akichomoa waya huku na kuuchomeka kule. Haloo moja ilimtosha. Huyu meneja, huyu mke wa meneja, na huyu yule mwingine, asiyepaswa kuunganishwa mke akiwa kwenye laini. Kisukari kilipoyamaliza macho yake, masikio yakabaki, naye akayaringia kama wengine wanavyoringia nyumba. Hata waliokuja kumpa pole ya macho aliwaambia wasimsumbue, yeye kila siku ya maisha yake ya kazi aliipitisha bila kumwona mtu anayezungumza naye.

Mama huyuhuyu ndiye aliyekaa miezi minane bila kumsemesha bintiye, tangu siku binti alipoacha masomo ya uhazili na kwenda kuigiza redioni. "Kupayuka nako ni kazi?" aliuliza, kisha akafunga mdomo. Ndugu wengine wote walipata sifa zao, huyu kwa shahada, yule kwa kuolewa vizuri, na huyu wa redio akawa anatajwa mwishoni, kwa kushusha pumzi. Halafu akaja malkia. Jumapili ya kwanza kabisa, neno la kwanza tu, mama alimshika bintiye kifundo cha mkono akasema, "Huyu ni wewe," machozi yakamtoka. Tangu hapo wauguzi wa kliniki, mpima umeme, hata watu waliokosea namba ya simu, wote waliambiwa kwamba sauti ya malkia ni ya mwanangu na naijua hata katikati ya watu elfu. Malkia alikuwa na miaka arobaini na miwili siku alipokuwa, kwa mara ya kwanza, mtoto wa kujivunia. Mtu akikipata kitu cha namna hiyo ukubwani hukishika kwa mikono miwili.

Bosi wa studio alimwambia kwenye korido, akimenya chungwa.

"Dada yangu, soko linataka sauti changa."

"Mbona malkia mwenyewe amezeeka? Msimu huu si ana mvi?"

"Mvi ni zake huko kwao. Watazamaji wetu ni vijana." Ganda la chungwa lilikuwa likishuka bila kukatika, na yeye alilitazama ganda zaidi kuliko alivyomtazama mtu aliyemfanyia kazi miaka minne. "Lakini hatukutupi. Sehemu ya tisa kuna bibi mchawi kwenye kinamasi. Ana sentensi mbili. Na tafadhali, utunolee kidogo yule binti anayechukua nafasi yako."

Sasa huyo ni mtu wa kupewa salamu? Anakupokonya jembe, kisha anakuomba umfundishe mwenzako kulima. Malkia alipaswa kumwachia mlango wake na chungwa lake. Akakubali.

Binti alikuwa na miaka ishirini na mitatu, kabla ya hapo akisifu sabuni kwenye matangazo. Alikuwa na adabu zake. Aliingia akasema, "Shikamoo, Mama," na hilo "Mama" likamwingia Malkia kama mwiba chini ya ukucha. Walikaa siku tatu katika chumba kile kilichozungushiwa magodoro chakavu ukutani, bila feni kwa sababu maikrofoni husikia feni, bangili zimevuliwa mlangoni, matumbo yameshibishwa mapema maana tumbo likiunguruma nalo hurekodiwa. Nia ya kumfundisha vibaya Malkia alikuwa nayo, tusimsingizie utakatifu. Ila asubuhi ya kwanza binti aliisoma hukumu ya malkia ya msimu wa zamani kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa, na Malkia hakuweza kuvumilia. Akamwonyesha mahali pa kuvuta pumzi. Akamfundisha siri aliyoitafuta miaka miwili, kwamba mgeni yule hufumba midomo mwisho wa sentensi ilhali maneno yetu huishia mdomo wazi, kwa hiyo umtafutie neno kama damu, hukumu, sumu, ili midomo ikutane japo kidogo. Siku ya tatu binti alikuwa nayo yote, na juu yake alikuwa na kitu ambacho hakufundishwa. Alikuwa akinyamaza. Katikati ya sentensi, pale ambapo Malkia hupita mbio, binti alisimama kidogo, na chumba chote kikamngojea.

"Hapo umeharakisha," Malkia alimwambia.

Hakuwa ameharakisha hata kidogo. Binti aliandika kwenye karatasi yake, "nisiharakishe," akasema ahsante Mama.

Mtaani nako maswali hayakwisha. Msimu uliopita uliishia malkia akitupwa mtoni na mawe yameshonewa kwenye pindo la gauni, na mwaka mzima watu walitaka kujua amekufa au yu hai. "Mkataba umenifunga mdomo," Malkia aliwajibu, kama kila mwaka. Alijua yu hai, kwa kuwa maiti hainolewi sauti. Mengine hakuyajua zaidi ya yeyote kati yao.

Alhamisi alijaribu kumwambia mama. "Mama, kuna jambo kuhusu ile tamthilia."

"Nyamaza! Usinimalizie utamu. Kliniki nzima nimeshawaambia Jumapili wakusikilize."

Malkia akakusanya sahani. Na hapa pana jambo ambalo Malkia hakumwambia mtu. Alikuwa anaogopa mama atajua, na alikuwa anangoja mama ajue. Jikoni, akiosha vyombo, aliiona saa hiyo waziwazi. Malkia wa runinga anafungua kinywa, mama anainua mkono na kusema mbele ya wote, zimeni, huyo si mwanangu. Aibu ingemmeza palepale. Lakini chini ya aibu hiyo kungekuwa na furaha, kwa sababu angalau mtu mmoja duniani angekuwa ameona pengo lake.

Jumapili ikaja. Saa nane Malkia alitoa betri za rimoti akazificha ndani ya mtungi wa mchele, kitendo cha kitoto, na alijua ni cha kitoto. Saa nane na nusu akaingia fundi cherehani wa mlango wa pili, pini zimejaa kifuani, kigoda mkononi. Kusikia rimoti haina betri, akarudi kwake akaleta za saa yake ya ukutani.

"Fundi, umebadilisha viatu," mama alisema kabla ya salamu.

"Masikio hayo, Mama! Nimevinunua jana."

"Cha kushoto kinakubana. Kaa. Na leo asiongee mtu."

Mama alikaa karibu kabisa na runinga, Malkia pembeni yake, kifundo cha mkono kimeshikwa kama kawaida yao. Zikapigwa ngoma na baragumu. Joka likachoma ghala la nafaka. Wana wa mfalme wakagombana juu ya nani akalie kiti kilichobaki wazi, wakagombana tena, fundi akawatukana kwa kunong'ona. Dakika ishirini na tano malkia wa runinga hakuonekana, na Malkia alianza kutumaini upuuzi, kwamba labda wamemtoa, labda wamemuua kweli. Kisha mto ukaonyeshwa. Mkono ukatoka majini. Malkia wa Mito Tisa aliingia katika ukumbi ambamo watu walikuwa wakila karamu ya matanga yake, maji yakimtiririka, mvi zimemgandia shavuni, na wote wakadondosha vikombe.

"Mlinizika mtoni," alisema, akanyamaza kidogo, "lakini niliwasikia. Kila aliyenililia kwa uongo, namjua kwa sauti yake."

Fundi aligeuka. Akamtazama Malkia, akaitazama runinga, akamtazama tena Malkia. Fundi, ambaye kutwa nzima masikio yake yamejaa kelele za cherehani, alijua kwa sentensi moja. Akafungua mdomo. Malkia akatikisa kichwa, na fundi akaufunga.

Vidole vya mama vilibana kifundo cha mkono. Malkia alihisi mapigo yake mwenyewe chini ya vile vidole, akangoja. Sema, Mama. Sema sasa hivi.

Mama akatabasamu. "Msikieni mwanangu," alisema.

Basi. Hakuna lililoanguka, hakuna aliyepiga kelele. Malkia wa runinga aliendelea kuhukumu, kusamehe wawili na kunyonga mmoja, na kila alipozungumza, mama aligongagonga kwa kidole kifundo cha mkono wa bintiye, kama alivyofanya miaka yote minne, akimpongeza kwa maneno ya mtu mwingine. Malkia alijaribu kujifariji kwamba labda masikio nayo yanakwenda. Lakini mama alisikia pini ya fundi ikidondoka sakafuni akamwambia aiokote kabla haijamchoma mtu.

Ilipokwisha, fundi alisimama haraka. "Mama, mimi naona kwamba..."

"Ahsante kwa betri, Fundi," Malkia alimkatiza.

"Haya. Nina gauni la mteja." Akaondoka, kigoda akakisahau.

Mama alikuwa bado amekaa kuelekea runinga iliyozimwa, uso umechangamka kama uso wa mtu aliyetoka kuoga. "Nikwambie kitu, mwanangu, na usinikasirikie?"

"Niambie, Mama."

"Miaka yote hii nilikuwa nakusifu kwa sababu ni mwanangu. Ulikuwa unayasukuma maneno. Nilikuwa nasikia, nanyamaza, nasema ndiyo alivyojaliwa. Lakini leo! Leo umeyaacha yatoke yenyewe. Umefanya nini?"

"Nimefanya mazoezi tu, Mama."

"Yamekukaa. Hebu nisemee tena pale alipotoka mtoni."

"Mama, nimechoka."

"Sentensi moja tu, jamani. Au mpaka nilipie?"

Malkia alikaa wima. Akavuta pumzi hadi tumboni, kama alivyojifundisha peke yake katika chumba cha magodoro, akaitoa sentensi kwa sauti yake, ile nzito, yenye mikwaruzo midogo pembeni, iliyofunga maduka kwa miaka minne. "Mlinizika mtoni lakini niliwasikia. Kila aliyenililia kwa uongo, namjua kwa sauti yake."

Mama aliinamisha kichwa upande, sikio la kulia mbele, kama aliyekuwa anaunganisha simu ya mbali.

"Siyo hivyo," alisema. "Mbona unanifanyia mzaha?"

Akairudia. Safari hii aliweka humo kila alichokuwa nacho, mpaka koo likamuuma, na mwishoni sauti ikamtetemeka kwa kweli, si kwa kuigiza.

"Hapana, hapana. Umerudi kulekule kwa zamani. Nisemee kama ulivyosema kwenye runinga."

Malkia alimtazama mama yake. Angeweza kumwambia wakati ule. Maneno matatu tu yangetosha, na mama, kwa ukali wake, angebaki na ukweli, na asingekuwa na mwana wa kujivunia. Chuki ilimpanda, kwa bosi, kwa binti mwenye adabu, na kwa mara ya kwanza kwa mwanamke huyu kipofu aliyemshika mkono kwa upendo wote huo. Ilimpanda ikamfika kooni, na huko ikakuta sentensi inangoja.

Akaivua sauti yake uzito wote. Akaipandisha juu kidogo, karibu na pua, akaifanya nyororo, sauti ya mtu wa miaka ishirini na mitatu ambaye hajawahi kuambiwa maishani mwake kwamba anapayuka.

"Mlinizika mtoni," alisema. Akanyamaza, palepale binti aliponyamaza. "Lakini niliwasikia."

Mama akajipiga paja kwa furaha.

"Ehe! Hapo sasa! Hiyo ndiyo sauti yako, mwanangu. Usiiache tena."