Vanishi Juu ya Gitaa ya Baba

Nilimwambia dirigeant wa kwaya afunge kinywa. Nilisema hivyo ndani ya kanisa, Jumamosi mchana, katikati ya mazoezi, mtoto wangu akiwa mgongoni. Dirigeant ni mtu wa umri wa baba yangu. Hapa Butembo mama kijana hasemi neno kama lile kwa mtu kama yule. Nalijua hilo, sikuhitaji wote wale walionifundisha baadaye.

Lakini sikieni yeye alisema nini. Nilikuwa nimekuja mara ya tatu kumwuliza juu ya gitaa yangu, nimeibeba ndani ya kitenge. Aligeukia kwaya, akacheka.

"Munaona huyu mama? Tulimutengenezea gitare yake, sasa inang'aa. Mupaka leo hata kuku moja hakuleta. Hata wasingya moja, hata asante, hapana! Anakuja tu na uso ya kufunga."

"Papa, mimi sikuomba mutu aitengeneze."

"Lakini batoto ba siku hizi! Unataka tukurudishie uchafu?"

Wasoprano wakacheka. Ndipo nikasema: "Funga kinywa, papa."

Nikafunga kitenge juu ya gitaa, nikatoka.

Gitaa ile baba aliileta nyumbani, Kipese, kabla sijazaliwa. Aliipata kwa mzungu wa shamba aliyekuwa anarudi kwao, akamlipa magunia ya ngano. Tayari ilikuwa nzee siku hiyo. Jina la aliyeitengeneza halionekani; karatasi ya ndani ilikwisha kuliwa na wadudu. Ubao wa mbele ulikuwa na rangi ya chai nzito, na chini ya tundu palikuwa pamechubuka, ukubwa wa kiganja, mahali vidole vya baba vilipopita miaka yote. Alipokufa, ndugu zangu waligawana shamba, mimi wakanipa gitaa. Walifikiri wameniweza.

Mimi sipigi. Ninaimba tu. Kazi yangu ni kibanda cha fotokopi karibu na shule, natoa nakala na kuandika barua za watu, na kibanda si changu. Mwenyewe alitaka kuhamia Kirumba, akaniambia mashine ataniachia mimi wa kwanza kama nitapata bei yake. Mashine ile ingekuwa yangu, mtoto angelala pale chini ya meza, na hakuna mtu angeniuliza kwa nini nimefunga saa kumi.

Ndipo nikasikia kuna hadji mmoja wa Beni, mwenye malori, anayependa gitaa nzee kuliko malori yake. Alikuja kuiona siku lori lake lilipopakia viazi huku. Nilidhani atapiga. Hakupiga. Aliishika kwanza kama fundi anavyoshika mbao, jicho moja limefumbwa, akatazama shingo kuanzia kichwani mpaka chini.

"Imenyooka," akasema. "Baba yako alikuwa anaweka kamba za kweli, ama waya za frein ya baiskeli?"

"Za kweli. Aliziagiza Kampala."

"Mungu amurehemu. Waya ya frein inavuta shingo kama upinde, mutu anabaki na kuni."

Akaingiza pua ndani ya tundu, akavuta hewa. Nikacheka. "Usicheke, mama. Ikinuka ukungu, ndani gundi imekufa. Hii inanuka mbao na moshi ya jiko. Ni muzuri." Akawasha taa ya simu, akaangalia vijiti vya ndani kimoja kimoja. Akajaribu kupitisha kipande cha karatasi chini ya kile kibao kinachoshika kamba, karatasi haikupita. Akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, hapa, pale, sikio karibu. Mwisho kabisa akapiga, sauti moja tu, akangoja iishe. Ilichelewa kuisha. Mtoto aliacha kunyonya akageuka.

Nilimwonyesha mchubuko, nikaanza kuomba radhi.

"Hapana! Hii njo inaonyesha haijaguswa. Rangi hii ilikauka miaka mingi pamoja na mbao, ndiyo sababu inaimba. Mutu asiipanguse hata na petroli."

Akataja bei. Ilikuwa bei ya mashine, na kidogo juu. Tulikubaliana nimpelekee Beni baada ya wiki tatu, akirudi safari.

Katikati ya wiki hizo dirigeant akaniomba gitaa kwa sikukuu ya mavuno. Baba aliwahi kuimba naye, nitakataaje? Nilimwambia, "Mupige tu, papa, musiiguse." Hapo kosa ni langu pia. Mimi nilikuwa nimesikia maneno ya hadji, yeye hakusikia. Kwake, kutoigusa maana yake kutoiangusha.

Siku ya sikukuu nilikuwa nimesimama kati ya waalto wenzangu dirigeant alipoitoa. Iling'aa kama sanduku la maiti. Si maneno ya hasira: ilipita kweli kwa fundi wa masanduku. Alipiga msasa ubao wote mpaka ukawa mweupe, akapaka vanishi mara tatu. Mchubuko wa baba haupo. Dirigeant akasimama mbele ya kanisa lote: "Gitare ya marehemu ndugu yetu, kwaya imeipa uzima mupya!" Watu wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga makofi. Bado najichukia kwa makofi yale.

Nilikwenda Beni hata hivyo. Hadji alifungua kitenge, akaniagizia chai na maziwa ya mtoto. Kisha akafanya kila kitu upya, kwa heshima: shingo, pua, taa, karatasi. Alipogonga, hata mimi nilisikia. Ilikuwa kama kugonga mlango wa kabati. Alipopiga, sauti ilitoka, ikakatika.

"Shingo bado iko muzuri," akasema. "Vijiti viko. Lakini walikula ubao na msasa, halafu waliuvalisha koti ya mvua. Ile niliyoitaka haiko tena, mama. Hii naweza kukupa robo, na ni kwa sababu ya mutoto."

Niliirudisha nyumbani. Wiki ile mashine ikauzwa kwa mtu mwingine, na mimi nikauzwa pamoja nayo: sasa ni mfanyakazi wake.

Baada ya ile Jumamosi wazee wawili wa kanisa walikuja kwangu. Hawakuuliza juu ya gitaa. Waliuliza juu ya kinywa. Niliomba radhi, kwa sababu neno lilikuwa baya. Kisha nikawauliza na dirigeant ataomba lini. Mmoja akasema, "Yeye alifanya kwa roho muzuri, dada." Nikajibu kwamba roho nzuri haikushika msasa, mkono ndio ulioshika.

Jumatatu niliandika barua, nakala mbili. Katibu wa kanisa alitaka kuipokea bila muhuri. Nilikaa kwenye benchi mpaka muhuri ulipopatikana. Iliandikwa hivi:

"Kwa Baraza la Wazee. Mashitaka juu ya gitaa yangu kuharibiwa.

Niliiazimisha kwaya gitaa nzima. Dirigeant aliipeleka kwa fundi bila kuniuliza, na imepoteza sauti na robo tatu za bei. Mnunuzi wa Beni yuko tayari kueleza alichoona mara ya kwanza na ya pili. Ninaomba:

Dirigeant alipe kilichopotea, yeye mwenyewe. Mchango usipitishwe kwa wamama wa kwaya, hawakujua kitu.

Aseme mbele ya kanisa, mahali palepale alipojisifu, kwamba gitaa ilikuwa nzima naye akaiharibu.

Chombo cha mtu kilichoazimwa kisitengenezwe tena bila mwenyewe kutia sahihi.

Ninangoja jibu la maandishi. La mdomo sitalipokea."